Dadu, majoka na sindano ya insulini: mzazi afahamu nini kuhusu mchezo wa kuigiza mezani

Desemba ikifika, barabara ya kupanda Old Moshi hujaa magari kutoka Dar es Salaam, Dodoma na Mwanza. Watu wanarudi nyumbani. Wajukuu wanashuka na mabegi na chaja, wanatoa shikamoo za haraka haraka, na kabla bibi hajamaliza kuitikia wameshauliza kama umeme upo. Hayo tumeyazoea. Ila miaka hii ya karibuni wazazi wameanza kuniuliza kuhusu kitu kingine kinachotoka kwenye mabegi hayo: daftari lenye picha za majoka, karatasi zenye majina ya ajabu, na dadu ndogo zenye pande 8, 12, hata 20, badala ya zile 6 za ludo.

Maswali huwa mawili. La kwanza, je, hii si kamari? La pili huulizwa kwa sauti ya chini zaidi, mtoto akiwa ametoka nje kidogo: Daktari, haya si mambo ya giza?

Nayajibu leo, kwa sababu nimemwona mzazi aliyekaribia kuchoma daftari ambalo, kwangu mimi kama daktari, lilikuwa na habari kuliko cheti cha maabara. Nitafika huko.

Kwanza mchezo wenyewe. Unaojulikana zaidi unaitwa Dungeons & Dragons. Ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax pamoja na Dave Arneson, na tangu hapo imezaliwa mingine mingi ya namna hiyo. Watu wanne au watano wanakaa kuzunguka meza. Mmoja ni msimulizi. Wengine kila mmoja anabuni mhusika wake, awe askari, mganga au mwizi mwepesi wa mikono, kisha anaandika kwenye karatasi nguvu za mhusika huyo na udhaifu wake. Msimulizi anasema: mmefika mtoni, daraja limekatika, ng'ambo mnaona moshi, mnafanyaje? Wanajadiliana. Mmoja anasema ataogelea. Dadu inarushwa kuamua kama amevuka au maji yamemchukua, na hadithi inaendelea kutokea hapo, pengine kwa saa tatu, pengine kwa miezi, kila Jumamosi kidogo kidogo.

Hakuna pesa inayowekwa mezani. Hakuna anayemla mwenzake. Mara nyingi hakuna hata mshindi, maana kundi zima linafika pamoja au linakwama pamoja. Kwa hiyo mzazi anayeogopa kamari apumue. Kama kuna jambo la kuogopa kwa vijana wetu kuhusu kamari, lipo kwenye simu zao, katika kubeti mechi za Ulaya, na hilo hakuna aliyekuja kuniuliza.

Wapo pia wanaodhani ni mchezo wa waliokosa kazi. Vin Diesel, yule mwenye kipara wa Fast & Furious ambaye watoto wetu wanamjua kuliko mbunge wao, amecheza tangu ujana wake, na mwaka 2004 aliandika utangulizi wa kitabu cha kuadhimisha miaka 30 ya Dungeons & Dragons. Amesimulia jinsi alivyomfundisha mchezo huo Judi Dench, mwigizaji mkongwe wa Uingereza, walipokuwa wakitengeneza pamoja filamu ya The Chronicles of Riddick. Mama huyo alikuwa anaelekea miaka 70. Joe Manganiello, mwigizaji mwingine wa Marekani, aliwahi kuwa na chumba nyumbani kwake Los Angeles ambamo alikutana na wenzake kucheza. Mmoja wa waliokaa kwenye meza hiyo ni Tom Morello, mpiga gitaa wa bendi ya Rage Against the Machine, na hapo msomaji wa Afrika Mashariki asipite haraka: baba yake Morello ni Ngethe Njoroge, Mkenya aliyeiwakilisha nchi yake Umoja wa Mataifa. Kijana alilelewa na mama yake, mwalimu, katika mji mdogo wa Libertyville, Illinois, ambako anasema alikuwa mtoto mweusi peke yake. Alifika chuo cha Harvard na akamaliza.

Kwangu mimi muhimu zaidi katika orodha hiyo ni mtu ambaye wengi hapa hawamjui, Wil Wheaton. Aliigiza Star Trek akiwa bado kijana mdogo, akapata umaarufu mapema, na ukubwani amesema hadharani kwamba anaishi na sonona na ugonjwa wa wasiwasi, na kwamba anatumia tiba. Mwaka 2012 alianzisha kipindi cha kuonyesha watu mashuhuri wakicheza michezo ya mezani. Anatumia dawa, anazungumza na wataalamu, na anacheza. Mchezo haukuchukua nafasi ya dawa. Naomba mzazi aushike mpangilio huo.

Sasa hilo la giza. Hofu hii haikuanzia Moshi. Marekani ya miaka ya 1980 ilitikiswa nayo: wahubiri, wazazi na vyombo vya habari walisema mchezo huu unawaingiza vijana kwenye ushetani na kuwafanya wajiue. Mwaka 1982 ilitoka hata filamu ya televisheni, Mazes and Monsters, kuhusu kijana anayepotewa na akili kwa sababu ya mchezo wa aina hii. Kijana huyo aliigizwa na Tom Hanks, wakati huo bado hajawa mtu mkubwa. Waliofuatilia madai hayo kitaalamu hawakupata ushahidi kwamba mchezo unasababisha vijana kujiua. Walichokuta ni kwamba vijana wengi sana walikuwa wanaucheza, na katika kundi lolote kubwa la vijana wapo wenye maumivu ambayo hakuna mtu mzima aliyeyaona mapema.

Majoka, mashetani na wachawi wamo kwenye hadithi za mchezo huu, sikatai. Familia ambayo imani yake haipendi picha hizo ina haki ya kuziondoa na kuweka hadithi nyingine, na mchezo hautapungua kitu. Ila tusiseme kuigiza kumeletwa na ndege. Otto Raum, mtoto wa wamisionari wa Leipzig hapa Kilimanjaro, alichapisha mwaka 1940 kitabu juu ya utoto wa Wachagga, na ndani yake aliandika kwa kirefu jinsi watoto wa mlimani walivyoigiza maisha ya wakubwa. Aliona jambo ambalo mtu mwingine angelipita: kwamba watoto hawakuwa wanaiga tu, walikuwa wanawakejeli wakubwa pia. Sisi wa baadaye tulicheza baba na mama chini ya migomba, tukapika udongo kwenye kifuu, na kulikuwa na zahanati yenye nesi mkali na sindano ya mwiba. Mimi nilipenda kuwa mgonjwa. Mgonjwa ndiye aliyeruhusiwa kulia kwa sauti kubwa.

Mtoto anapoigiza, anafanya kazi nzito kuliko inavyoonekana. Anashika mawazo mawili kwa pamoja, mimi ni Neema na mimi ni nesi, bila kuyachanganya. Anangoja zamu yake. Anajiuliza yule mwingine anafikiri nini. Anajaribu hasira, woga na ujasiri mahali ambapo hakuna anayeumia. Wataalamu wa afya ya akili wamelijua hili muda mrefu. Jacob Moreno, daktari aliyesomea Vienna, alijenga karne iliyopita aina nzima ya tiba ambayo ndani yake mgonjwa huigiza maisha yake mbele ya wenzake. Nasi wanafunzi wa udaktari tulifundishwa kutoa habari mbaya kwa kuigiza, mmoja daktari, mwingine mjane. Tafiti za mchezo huu wa mezani kama tiba bado ni chache na zimehusu watu wachache, kwa hiyo yeyote atakayekuuzia kwamba unaponya usonji au sonona, mkwepe. Mimi nasema dogo zaidi ya hapo. Nasema ni meza ambayo mtoto anazungumza, na mzazi mwerevu atapenda kuwa karibu na meza hiyo.

Nilimwona kijana wa miaka 14, wa kidato cha pili, anayesoma bweni. Mambo machache nimeyabadilisha asitambulike, na yeye na mama yake wameniruhusu kuandika. Ana kisukari aina ya kwanza, kile ambacho mwili hautengenezi insulini na bila sindano mtu hawezi kuishi. Ndani ya mwaka mmoja alikuwa amelazwa mara mbili, sukari ikiwa juu mno, mwili ukiwa umejaa asidi. Shuleni walisema anachoma sindano. Mama alisema anachoma. Yeye mwenyewe hakusema kitu. Kila swali alilijibu kwa kutazama viatu vyake.

Kisha mama akatoa daftari kwenye mkoba. "Daktari, na hili pia litazame. Naona ndilo linalomvuruga. Nilitaka kulichoma jana."

Nikamwambia kijana, haya, nieleze mchezo. Alizungumza dakika kumi bila kupumzika. Mhusika wake alikuwa mlinzi wa msafara, hodari wa kufuata nyayo. Kwenye sehemu ya udhaifu, kwa mwandiko mzuri kabisa, alikuwa ameandika kwamba mlinzi huyo ana ugonjwa wa damu, lazima anywe maji machungu asubuhi na jioni, na wenzake wakimwona anakunywa, nguvu zake zinaisha.

"Kwa nini wasimwone?" nikauliza.

"Watamwacha nyuma."

"Nani amesema?"

"Hakuna aliyesema. Anajua tu."

Mama yake alinyamaza kabisa. Tukalipata tatizo, na halikuwa kwenye dadu. Insulini ya kijana huyu ilikuwa kwenye friji la matroni. Ili aichome kabla ya chakula cha jioni ilimbidi atoke kwenye foleni ya bwalo mbele ya wenzake wote, aende, arudi, na aulizwe alikuwa wapi. Kwa hiyo siku nyingi hakuenda. Hakuwa mkaidi, na hakuwa amesahau somo la kliniki. Aliweza kulitaja neno kwa neno. Alikuwa anaona aibu, na aibu haina kipimo cha maabara.

Hatukufanya muujiza. Tulizungumza na matroni, ukapatikana muda wa kuchoma kabla foleni haijaanza. Kijana alichagua mwenyewe marafiki wawili wa kuambiwa, wote wa kundi lake la mchezo, na mmoja wao sasa humkumbusha kwa kumwita jina la yule mlinzi. Kipimo cha wastani wa sukari wa miezi mitatu kimeshuka. Hakijafika ninapotaka, lakini tangu siku ile hajalazwa.

Kwa kuwa nimegusa ugonjwa huu, mzazi azijue dalili. Mtoto anayekunywa maji sana, anayekojoa mara kwa mara au aliyeanza tena kukojoa kitandani, anayekonda huku anakula, apimwe sukari siku hiyo hiyo. Akiongeza kutapika, tumbo kuuma, kupumua kwa nguvu na kwa kasi, au pumzi yenye harufu kama ya matunda yaliyoiva sana, hiyo ni dharura ya hospitali, usiku au mchana. Wengi hufikishwa kwetu wakiwa wameshatibiwa malaria au minyoo kwanza. Na kwa mtoto ambaye tayari yuko kwenye insulini: asikatishiwe sindano eti kwa sababu anatapika au hali. Apelekwe hospitali.

Je, ni lini mchezo wenyewe unipe wasiwasi? Si pale mtoto anapoongea kwa sauti ya mhusika na kucheka. Wasiwasi wangu huanza mchezo unapokwisha, wenzake wameondoka, na yeye anaendelea kuamini kwamba mhusika ni kweli; anaposikia sauti ambazo wengine hawazisikii; anapodai anafuatiliwa; anapoacha kulala, kuoga au kula; anapojitenga hata na wale anaocheza nao. Magonjwa makubwa ya akili huanza mara nyingi katika umri huu wa ujana, mtoto awe anacheza au hachezi, na yanatibika vizuri zaidi yakiwahiwa. Kuhusu kifo, mtoto akisema, hata kupitia mhusika wake, kwamba ingekuwa heri asingekuwepo, muulize waziwazi kama anafikiria kujiua. Kumuuliza hakumpi wazo. Kaa naye, ondoa dawa za kuulia wadudu wa kahawa na migomba mahali anapofikia, na mlete hospitali. Hospitali ya rufaa ya KCMC na ile ya mkoa ya Mawenzi zote zinafikika kutoka Old Moshi.

Mengine ni madogo lakini huwaleta watu kwangu. Dadu hizi ni ndogo, na mdogo wa miaka miwili huweka kila kitu mdomoni. Zihesabiwe mchezo ukiisha. Mtoto akipaliwa na hawezi kukohoa wala kulia, usiingize kidole kutafuta usichokiona. Kama ameshapita mwaka mmoja, mwinamishe mbele, mpige mgongoni kati ya mabega kwa kiganja mara tano, na isipotoka, mkumbatie kwa nyuma na kubinya juu ya kitovu kwenda ndani na juu, mara tano, ukibadilishana hivyo hivyo huku msaada ukiitwa. Umeme ukikatika, msikae saa tatu na koroboi chumba kimefungwa. Moshi ule unaamsha pumu. Na soda zinazoshushwa wakati wa mchezo, jamani, hata kwa wasio na kisukari, ni nyingi mno.

Nimewaacha wazee, na huku mlimani mchezo wa likizo bila wazee haujakamilika. Katika wilaya jirani ya Hai, watafiti walipowapima watu wa miaka 70 na zaidi walikuta takriban 6 katika kila 100 wana dimensia, ule ugonjwa wa ubongo ambao wengi bado wanauita uzee tu. Huko huko Hai kulijaribiwa tiba ya vikundi kwa wazee wenye ugonjwa huo: mikutano 14 kwa wiki saba ya mazungumzo, michezo na kukumbuka, na uwezo wao wa kufikiri uliongezeka. New York nako, watu 469 wenye zaidi ya miaka 75 walifuatiliwa kwa miaka, na waliocheza michezo ya mezani walipata dimensia kwa uchache kuliko wengine. Huenda pia wenye ubongo mzima ndio wanaopenda kucheza, kwa hiyo siahidi kitu. Mwalimu Nyerere alijulikana kwa kupenda bao, na sijasikia mtu akisema alikuwa anapoteza muda.

Uzuri wa mchezo wa kuigiza kwa mzee ni kwamba unachezwa kwa masikio na mdomo. Judi Dench alieleza mwaka 2012 kwamba ana ugonjwa wa umri unaoharibu uwezo wa kuona wa katikati ya jicho, na kwamba maandishi ya kazi zake husomewa na wengine. Bibi mwenye mtoto wa jicho anayesubiri upasuaji hawezi kusoma kadi za karata, lakini anaweza kuwa msimulizi, tena msimulizi mkali.

Huhitaji kununua chochote. Dadu moja ya ludo inatosha: nne na kuendelea umeweza, chini ya hapo umeshindwa na lazima mtafute njia nyingine. Hadithi mnazo. Mawenzi anakwenda kwa Kibo kuomba moto, na safari hii wajukuu ndio wanaotumwa naye. Watamwambia nini Kibo ili asimpige? Au ni mwaka 1892, Mangi Meli amewashinda Wajerumani hapa hapa Moshi, na kila mtu anajua watarudi. Wazee wa baraza washauri nini? Kila mtoto abuni mhusika, na aandike udhaifu mmoja. Msimcheke aliyeandika udhaifu wa kweli, wala msimhoji pale pale mbele ya watu. Kumbukeni alichoandika, mkiwa wawili jikoni kesho yake mtamuuliza.

Mcheze saa moja kisha muinuke, mnyooshe miguu. Kama kuna mtoto wa insulini, mashine ya kupimia sukari ikae mezani pamoja na dadu, na muda wa sindano ukifika msafara wote usimame. Akianza kutoka jasho, kutetemeka, kukasirika bila sababu au kusahau zamu yake, msiseme amezama kwenye mchezo. Mpimeni, ikiwa chini ya 4, au kama hamna mashine, apewe papo hapo juisi, soda yenye sukari au vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, apimwe tena baada ya dakika 15, na akipata nafuu ale kitu, hata ndizi. Aliyelegea au asiyeweza kumeza asinyweshwe kitu. Alazwe ubavu na apelekwe hospitali mara moja.